Choya imefuta zambarau yote kwenye tyubu, sasa mama kaacha vidonge vya presha. Nisaidieni

binti_kongwa

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Mi niko mwaka wa mwisho, nasoma lishe na sayansi ya chakula, na risechi yangu ni ya choya, ile ambayo wengine mnaiita rozela, kwetu Kongwa karibu kila nyumba inayo. Kichwa kwa kifupi ni antioksidanti za choya (vile vitu vinavyosemekana kukinga seli za mwili zisiharibiwe) na faida zake kwa afya ya binadamu. Nimenunua sampuli tatu, moja kwa mama mmoja sokoni Kibaigwa, moja Dodoma mjini na moja ya paketi dukani, nikasaga, nikaloweka kwenye methanoli, nikapima kwa DPPH. Kwa msioijua, DPPH ni kemikali ya maabara, ukiiyeyusha inakuwa zambarau iliyokolea, ukitia kitu chenye antioksidanti ile zambarau inapotea inageuka njano njano, mashine inasoma kwenye nanomita 517 rangi imepotea kiasi gani. Ndo hiyo tu basi, ila ukiiona mara ya kwanza unasisimka aisee, matone machache na tyubu nzima inabadilika mbele ya macho yako.

Nina matatizo mawili. La kwanza ni grafu, nikiongeza choya kwenye tyubu nguvu inapanda vizuri, lakini nikifika kwenye zile nzito kabisa inashuka tena, sampuli zote tatu, nimerudia siku mbili tofauti. Supavaiza kasema rudia tena halafu kasafiri.

La pili ndo linaninyima usingizi. Mama yangu ana presha tangu 2019, anameza vidonge kila asubuhi. Wiki iliyopita nilimpigia nikiwa na furaha zangu nikamwambia mama ile choya yako imefuta zambarau yote, ina nguvu balaa, nikacheka na yeye akacheka. Kumbe nimeharibu. Jana dada kanipigia anasema mama kavipandisha vidonge juu ya kabati siku ya nne leo, anasema mwanangu msomi kapima mwenyewe maabara, anashushia jagi la choya asubuhi na jagi jioni. Nikimwambia anywe dawa ananiuliza kwani ulinidanganya? Sasa jamani nataka kujua ukweli wenyewe, choya inashusha presha au haishushi, na hizi antioksidanti tunazoimbiwa kila siku zinafanya nini hasa kwenye mwili wa mtu?

nesi_zamu_ya_usiku

Mdogo wangu kabla ya grafu na DPPH shika simu umpigie mama sasa hivi, siyo kesho. Vidonge vya presha haviachwi ghafla kwa kuamua mwenyewe, kuna aina ukikata tu presha inaruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Presha haiumi, anaweza akajiona mzima kabisa wiki mbili tatu, na hapo ndo tunapowapokea usiku na kiharusi, mdomo umepinda upande. Siyo kukutisha, nimeshaona. Na kama ameshakaa siku nne bila dawa asianze kujipangia tena dozi, aende wampime kwanza wamwambie arudije.

Sasa swali lako. Choya inashusha presha, ndiyo, kidogo, na hilo siyo la vijiweni. Kuna utafiti wa Diane McKay na wenzake pale Tufts, Boston, ulitoka 2010, watu 65, kundi moja wanakunywa chai ya hibiskasi (ndo choya hiyo hiyo) vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, kundi jingine wanapewa kinywaji cha kuigiza. Wale wa choya ile namba ya juu ya presha ilishuka kama 7, wale wengine kama 1. Saba siyo haba. Lakini angalia walikuwa watu gani, presha yao ilikuwa ndo inaanza kupanda au ni ndogo, na hawakuwa wanatumia dawa za presha. Mama yako ni mgonjwa wa miaka, ana vidonge. Mtu ana 170 bila dawa, mtoe saba, bado ana 163, hapo umemsaidia nini? Utafiti haukumwambia mtu yeyote aache vidonge vyake ahamie kwenye jagi.

Na hilo jagi lina sukari kiasi gani? Maana choya ni kali kama ukwaju, najua watu wa huko wanavyoitia sukari. Wale wa Boston walikunywa chai, siyo juisi ya harusini.

mzee_wa_pipeti

Nesi kamaliza la muhimu, mi niingie maabara.

Binti, grafu yako haina ugonjwa, ni choya yenyewe inakuchezea. Fikiria hivi. Mashine inasoma 517, inadhani kila inachokiona hapo ni zambarau ya DPPH iliyobaki. Choya ni nyekundu kwa sababu ya anthosianini, na anthosianini kwenye uchachu zinanyonya mwanga hapo hapo karibu na 520. Kwa hiyo ukitia choya nyingi, DPPH imeisha kweli lakini wekundu wa choya umekaa pale pale, mashine inausoma inasema bado kuna zambarau. Ndo maana grafu inashuka. Tengeneza tyubu ya choya na methanoli peke yake bila DPPH kwa kila uzito, soma, halafu toa hiyo namba kwenye usomaji wako. Nimeona ripoti za wanafunzi wa beetroot, zabibu, rozela, wote wanaanguka shimo hilo hilo na wanaandika ati kwenye dozi kubwa antioksidanti inageuka sumu. Inageuka wapi, ni rangi tu.

Sasa hilo kosa dogo la rangi ndo picha ya kosa kubwa la fani nzima. DPPH yenyewe haipo mwilini, hakuna mtu ana DPPH kwenye damu. Tyubu inakwambia kitu kimoja, kwamba hii choya ina uwezo wa kutoa elektroni kwa hii kemikali kwenye methanoli, kwa joto la chumba, kwa nusu saa. Mama yako siyo chupa ya methanoli. Choya ikimezwa kwanza inapita tumboni, anthosianini nyingi hazifiki kwenye damu kabisa, zile nyingine zinafika kidogo tena zimeshabadilishwa na ini, na zinazobaki zinashuka utumbo mkubwa bakteria wanazikatakata wanatengeneza vitu vingine ambavyo labda ndo vinavyofanya kazi. Na kwa choya kuna kazi za maabara zinaonyesha inazuia kile kimeng'enya ambacho dawa za presha kama captopril na enalapril zinakizuia. Kama ndo hivyo basi inashusha presha kwa njia isiyohusiana na kufuta zambarau. We unapima nguvu ya kufuta rangi, presha inashuka kwa mlango mwingine.

Ngoja niwape ya tufaha maana hii huwa nawapa wanafunzi kila mwaka. Watu walikuwa wanawalisha wenzao matufaha, wanapima damu, wanakuta uwezo wa antioksidanti wa damu umepanda, shangwe. Lotito na Frei wa Oregon 2004 wakauliza swali la kitoto, je ni zile polifenoli za tufaha (kundi la kemikali za mimea, hata anthosianini zimo humo) au kitu kingine? Wakawapa watu matufaha, siku nyingine wakawapa maji yenye fruktosi tu, ile sukari ya matunda. Kipimo cha damu kikapanda vile vile. Kumbe fruktosi inapandisha asidi ya yuriki, na asidi ya yuriki yenyewe ni antioksidanti kwenye kipimo. Yuriki ndo hiyo hiyo ya gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma! Yani kipimo kilikuwa kinashangilia kitu ambacho nesi hapo juu angekiandikia dawa.

Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikaitoa mtandaoni orodha yake kubwa ya ORAC, ile iliyokuwa inapanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti, kwa sababu namba zile hazikuonyesha chochote kuhusu afya ya mtu na wafanyabiashara walikuwa wanazibandika kwenye makopo. Ukiona leo hii unga umeandikwa ORAC kubwa kuliko zote duniani, jua muuzaji hajapata taarifa au kaipata kakaa kimya.

jogoo_la_asili

Daah, mnapenda kukatisha watu tamaa. Mababu zetu walikunywa choya, mlonge, ubuyu, waliishi miaka mia bila presha. Kitu cha asili hakina madhara. Hao wazungu wa utafiti wanataka tununue vidonge vyao. Mi natumia na nauza kapsuli za antioksidanti za mimea, betakarotini, vitamini E, mlonge, zimekamuliwa zote kwenye kapsuli moja, mteja wangu hakuna aliyelalamika. Huyo mama angepata hizo angekuwa anakimbia mbio. Njoo inboksi.

mzee_wa_pipeti

Jogoo, umewataja betakarotini na vitamini E mwenyewe, sasa kaa nikusimulie maana hapo ndo umekanyaga moto.

Miaka ya themanini kila aliyepima aliona kitu kimoja, watu wanaokula karoti na mboga za majani, wenye betakarotini nyingi kwenye damu, wanaugua saratani ya mapafu kidogo kuliko wenzao. Hesabu ikaonekana rahisi, tuikamue betakarotini tuiweke kwenye kidonge tuwape wavuta sigara. Finland wakachukua wanaume wavutaji 29,133, wa miaka 50 hadi 69, kuna waliopewa betakarotini miligramu 20 kwa siku, kuna vitamini E, kuna vyote viwili, kuna kidonge tupu, miaka mitano mpaka minane. Matokeo yalitoka 1994. Waliokunywa betakarotini walipata saratani ya mapafu ZAIDI, kwa asilimia 18. Watu wakasema labda ni bahati mbaya ya Finland. Marekani nao walikuwa na wao, unaitwa CARET, wavutaji, walioacha kuvuta na mafundi waliofanya kazi na asbesto, zaidi ya elfu kumi na nane, betakarotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 wakausimamisha kabla ya muda wake, karibu miaka miwili mapema, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa juu kwa asilimia 28 na vifo juu kwa 17. Halafu vitamini E, utafiti wa SELECT, wanaume zaidi ya 35,000, wakafuatiliwa, 2011 ikatoka kwamba wale wa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17.

Na ukumbuke hao wazungu unaowasema wanataka kuuza vidonge, hivi vilivyofeli NDO vidonge. Karoti haikufeli. We na kapsuli zako ndo uko upande wa kidonge, babu yako alikuwa upande wa sufuria. Kabla hujamuuzia mtu muulize kama anavuta.

jogoo_la_asili

Mkuu hizo za kwangu ni za mimea siyo za kiwandani.

nesi_zamu_ya_usiku

Jogoo kapsuli inaota kwenye mti gani?

Naongeza moja kwa akina dada mnaosoma kimya kimya. Kliniki ya wajawazito kila wiki napata mtu anakunywa choya kuongeza damu kwa sababu ni nyekundu. Wekundu wa choya siyo madini ya chuma jamani, ni hiyo anthosianini mzee anayoisema. Kama una upungufu wa damu meza vidonge ulivyopewa, na hizi polifenoli tunazozisifia zina tabia ya kuyashika madini ya chuma ya kwenye mboga na nafaka yasiingie mwilini. Chai ya rangi ndo mbaya zaidi, Hurrell na wenzake 1999 walipima ikashusha uchukuaji wa chuma kwa asilimia 79 hadi 94 ikinywewa pamoja na chakula. Yani kitu kile kile, kwa mtu huyu sifa kwa yule hasara. Kunywa chai yako mbali na chakula. Na choya mkiwa wajawazito msiifanye dawa.

sukuma_na_terere

Habari zenu, mimi niko Nakuru, nimesoma hii mada mpaka chai imepoa. Mimi si mtu wa maabara, napika hoteli ndogo tu, lakini kuna kitu mmekiruka. Mnaongea kuhusu kilicho kwenye mmea na kilicho kwenye damu, katikati hapo kuna sufuria bana.

Kuna utafiti wa pale Iowa wa 2004, waliwapa watu saladi ya karoti, nyanya na majani, ile ile, ila mara moja na sosi isiyo na mafuta kabisa, mara nyingine na mafuta kidogo, mara nyingine mengi. Ile ya bila mafuta karotini karibu haikuonekana kwenye damu. Yani unatafuna karoti kama sungura na inapita tu. Sasa fikiria cucu wetu, yaani bibi, alikuwa anatia terere (mchicha wa kwetu) na mafuta au maziwa lala, huko Pwani mchicha ni wa nazi, nyinyi Dodoma mlenda mnauwekea karanga. Hakuna aliyewafundisha kemia. Na nyanya iliyopikwa kwa mafuta inaachilia ile laikopini, rangi nyekundu ya nyanya, vizuri kuliko mbichi, lakini vitamini C nayo inakimbia na moto na maji unayomwaga. Kwa hivyo sampuli mbichi kwenye methanoli inapima chakula ambacho hakuna mtu anakula.

Binti, swali langu, mama ako anaichemsha hiyo choya au anailoweka tu? Na mlenda mnaukausha wapi, juani?

binti_kongwa

Nimerudi. Kwanza asanteni, nesi Mungu akubariki, nilimpigia usiku ule ule. Haikuwa rahisi. Alininunia kwanza akasema kwa hiyo siku ile ulipima choya au ulipima mimi? Nikakosa cha kujibu. Asubuhi dada kampeleka kituo cha afya, presha ilikuwa juu sana kuliko kawaida yake, wamemrudishia dawa zake zile zile na wamempa tarehe. Choya wamemwambia anaweza kunywa kikombe kimoja bila sukari. Hapo bila sukari ndo ugomvi ulianza upya. Dada alipima kwa mara ya kwanza sukari anayotia kwenye jagi, ni kikombe kizima cha chai kimejaa, jagi la lita mbili. Majagi mawili kwa siku. Hakuna hata mmoja nyumbani alikuwa amewahi kuangalia, tulikuwa tunaangalia rangi.

Mzee wa pipeti, nimefanya tyubu za bila DPPH kama ulivyosema, mstari umenyooka aisee, hauanguki tena! Nimeruka maabara peke yangu kama kichaa. Ila sasa nimeanza kuogopa kichwa changu cha risechi, hayo maneno "faida kwa afya ya binadamu" nayapata wapi mimi na tyubu zangu tatu?

@sukuma_na_terere mama anachemsha mpaka inakuwa nzito halafu anaacha usiku kucha. Mlenda ndiyo, juani juu ya paa.

sukuma_na_terere

Juani juu ya paa karotini inaungua na jua, kaushia kivulini penye upepo au kwenye kikaushio chenye kifuniko. Mboga inabaki kijani kijani badala ya ile rangi ya nyasi.

mzee_wa_pipeti

Huyapati. Yafute. Andika ulichopima, uwezo wa antioksidanti wa choya inayouzwa Dodoma, na ongeza kipimo kimoja ambacho hakuna mtu atakuuliza "so what" akikiona, pima choya jinsi mama anavyoipika. Chemsha, laza usiku, pima. Halafu pima na sukari ya zile juisi za kwenye chupa zinazouzwa barabarani. Mtu wa kwanza atakayesoma hiyo jedwali ataelewa kitu kuliko kurasa arobaini za DPPH.

Ukitaka kupima kwa watu hiyo ni shughuli nyingine, siyo ya mwaka wa mwisho. Unahitaji kibali cha maadili, cha chuo au NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Unahitaji watu wa kutosha, kundi la pili, na hapo kwenye kundi la pili ndo utalia, maana utampa mtu kitu gani chekundu kikali kama choya lakini siyo choya asikushtukie? Na watu wasibadilishe chumvi, maana mtu akijua yuko kwenye utafiti wa presha anaanza kula vizuri mwenyewe halafu unasema ni choya. Miezi ya kufikiria hayo utaipata kwenye masters.

nesi_zamu_ya_usiku

Nimefurahi amerudi kwenye dawa. Sasa kazi yako wewe na dada, mpimeni nyumbani asubuhi kabla ya dawa na jioni, akae dakika tano bila kuongea, miguu chini, mkono juu ya meza, andikeni kwenye daftari mwende nalo kliniki. Ndo utafiti wenu huo wa mtu mmoja.

binti_kongwa

Dada nesi, tumeazima mashine ya presha ya jirani. Ila mkanda unamkaba, mama mkono wake mnene, dada yangu anaufunga kwa kuushikilia na kidole.

nesi_zamu_ya_usiku

Hizo namba msiziandike. Mkanda mdogo unapandisha usomaji, mtamuogopesha bure na kliniki wataongeza dozi isiyohitajika. Nendeni duka la vifaa tiba muulize mkanda mkubwa wa mashine hiyo hiyo, angalia vipimo vya sentimita vimeandikwa kwenye mkanda, mpime mama katikati ya mkono wa juu kwa futi ya fundi cherehani kabla hamjanunua.